Niliambiwa Tanga nitarogwa, yeye aliambiwa Msukuma atamuua. Tukapangwa chumba kimoja

Ngosha wa Ngudu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kulikuwa na uzi humu, mtu anauliza eti kabila gani usioe. Watu wakashuka nao kurasa kumi na kitu: Mpare bahili, Mhaya majivuno, Mkurya ngumi mkononi, Mgogo na bakuli lake, Msukuma mshamba, Tanga wachawi. Nilicheka kama wengine. Usiku nikakosa usingizi, nikakumbuka chuo.

Naandika kwa simu, nitagawa vipande. Mwenye haraka apite.

Mwaka 2010 nilichaguliwa kusomea ualimu, stashahada, chuo kimoja nje kidogo ya jiji la Tanga. Chuo sitakitaja, msinihangaishe. Mimi ni mtoto wa Kwimba, Ngudu huko, ng'ombe na pamba. Mbali kabisa nilikowahi kufika ilikuwa Shinyanga, na nilikwenda kuzika.

Taarifa ilipofika nyumbani hakuna aliyeuliza nitasoma nini. Waliuliza, "Tanga?" halafu kimya. Baba mdogo akasema mwanamume akienda Tanga harudi, anafungwa kwa chakula, anasahau mpaka jina la mama yake. Jirani akaongeza majini ya baharini. Mwenye duka ndiye aliyemaliza kazi: ule msemo wa "Tanga, waja leo warudi leo" akaufafanua kwamba jua likizama ungali Tanga, basi umekwisha, huondoki tena. Kati ya wote hao hakuna aliyewahi kuikanyaga Tanga. Mwenye duka alikuwa hajafika hata Singida.

Bibi yangu hakusema kitu. Siku mbili kabla ya safari akaniita ndani, akanipa kifundo cha kaniki kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Alitoa jogoo kwa mfumu (mganga, kwa wasiojua Kisukuma). Masharti: kilale chini ya godoro upande wa kichwa, nisikifungue, nisimwambie mtu. Nilikuwa nimebatizwa, nimemaliza kidato cha sita, biolojia nimeisoma. Nikakipokea kwa mikono miwili.

Mkorofi wa Sinza

Chai imeanza kuchemka. Siti ya mbele, vitumbua viletwe.

Mwana Ngamiani

Sisi wa Tanga tumezoea hayo. Mimi nilisoma Iringa. Nikipika mchuzi wa nazi chumbani wenzangu wanagoma kula, hasa kaka zetu, eti nitawafunga. Nikala peke yangu miaka mitatu. Niliondoka Iringa na kilo nane za ziada. Endelea kaka.

Ngosha wa Ngudu

Kipande cha pili.

Nimefika chuoni jioni, begi moja na ndoo. Mlezi wa bweni akanionyesha chumba cha watu wawili, nikaweka vitu, nikaenda kutafuta maji. Niliporudi mlango ulikuwa umerudishiwa nusu, ndani mtu anazungumza na mlezi kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejizuia asilie.

"Mwalimu, nihamishie kokote. Hata stoo. Mimi siwezi kulala na Msukuma."

Nikasimama pale na ndoo yangu. Nikasema moyoni, ala, ndio ubaguzi wenyewe huu, hata siku haijaisha. Nikasukuma mlango kwa hasira nimkabili. Ndipo nikamwona. Mwenzangu ana ualbino.

Wale wadogo zangu mliozaliwa juzi, niwakumbushe hali ilivyokuwa. Kuanzia mwaka 2007 redio ilikuwa haipiti muda mrefu bila habari ya mtu mwenye ualbino kuuawa au kukatwa kiungo, na mikoa iliyotajwa ni ile ile: Mwanza, Shinyanga, Kagera. Kwetu. Watu walikuwa wanakatwa mikono wakiwa hai, viungo viuzwe kwa waganga, waganga wawaahidi watu utajiri wa madini na samaki. Watoto walikusanywa kwenye shule za bweni ili walindwe, kama ile ya Mitindo pale Misungwi. Misungwi na Kwimba zinapakana. Huyu kijana wa Muheza, Mbondei, amelelewa na mama yake kwa sheria moja: somea kokote, usivuke Dodoma kuelekea ziwani. Hakuvuka. Ziwa likamfuata chumbani.

Mlezi alisema vyumba vimejaa, vumilianeni, akaondoka na funguo zake.

Usiku ule hatukulala. Yeye alivuta tranka lake la bati akaliweka katikati ya vitanda, nikilisogeza lipige kelele. Akalala kanielekea. Mimi nami macho kodo, maana niko Tanga, na sijui huyu mtu anaweza kunifanya nini nikisinzia. Wanaume wawili wazima, kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa uchawi, na chini ya kichwa changu kuna kifundo.

Wiki ya kwanza mkufunzi mmoja alipita kuita majina. Alipojua tunalala pamoja akasema mbele ya darasa, "Msukuma na huyu chumba kimoja? Mwaka huu tutasikia mengi." Darasa likaangua kicheko.

Na mimi nilicheka. Nimeyasema mengi katika maisha yangu ninayoyajutia, lakini kile kicheko ndicho kinachorudi.

Kidole Tupu

Mleta uzi usijisafishe. Mauaji yalifanyika kwenu, hakuna kusema "tulidhaniana". Huko Tanga watu wanasingiziwa uchawi wa kusadikika, kwenu watu walikatwa kweli. Mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli, ujue maji yalishafika shingoni.

Ngosha wa Ngudu

@Kidole Tupu sibishi, na nilikuwa nataka kufika hapo hapo. Watu huisoma habari hii kama mzani, mimi nilimdhania yeye, yeye alinidhania mimi, ngoma droo. Si droo. Hofu yake ilikuwa na makaburi. Yangu ilikuwa na hadithi za dukani. Nilichukua miezi kuiona tofauti hiyo, maana mtu ukidhaniwa muuaji huna nafasi ya kupima nani kaonewa zaidi, unaona wewe tu.

Muha wa Pongwe

Mimi mzee kidogo humu, niruhusuni niingize neno. Hao mnaowaita "watu wa Tanga" ni nani? Babu yangu alitoka Kibondo, aliletwa na SILABU, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba ya mkonge, kuja kukata mkonge. Manamba. Kambi moja ilikuwa na Waha, Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Warundi. Walikuja kwa mkataba, wengi hawakurudi, na hawakurogwa, walioa tu. Mimi nazungumza Kidigo vizuri kuliko Kiha.

Hata mkonge wenyewe ni wa kuja. Mjerumani Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, iliyofika hai ni 62. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa, asili yake Myao. Sasa mkisema Tanga wachawi, mnamsema Mdigo, Mbondei, Msambaa, Mzigua, au mnanisema mimi Muha?

Mkorofi wa Sinza

Mzee shikamoo. Wote, tu. (Natania.)

Ngosha wa Ngudu

Kipande cha tatu. @Muha wa Pongwe shikamoo mzee wangu, asante kwa somo.

Kilichotukaribisha si mazungumzo. Ni ubao. Wengi hamjui kwamba ualbino ni macho pia, siyo ngozi tu. Mwenzangu alikaa dawati la mbele kabisa na bado ubao kwake ulikuwa ukungu. Kitabu alikisoma kikigusa pua. Wakufunzi walikuwa wanaandika herufi kama mchwa, wakifuta kabla hujamaliza mstari. Siku moja niliketi nyuma yake, nikamwona ameacha kuandika, kalamu imesimama, anaangalia mbele tu. Nikaanza kusoma ubao kwa sauti ya chini. Hakugeuka. Lakini kalamu ikaanza kwenda.

Kesho yake nikahamia dawati lake. Hatukuwa tumeongea neno zaidi ya "zima taa".

Tatizo likawa mimi. Sisi Wasukuma r inatushinda, kila kitu ni l. Nikisoma "kura" yeye anaandika "kula". Mwaka ule wa uchaguzi, somo la uraia, daftari lake lilijaa wananchi wanaokwenda kula kila baada ya miaka mitano. Alipolisoma usiku akacheka peke yake, halafu akashindwa kujizuia, akanisomea. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia kicheko chake. Tangu hapo ikawa biashara: mimi namsomea ubao, yeye ananinyoosha ulimi. Ananisimamisha katikati ya chumba niseme "reli ya Tanga iliparara rangi" mara ishirini. Sentensi haina maana yoyote. Alisema maana si kazi yangu.

Chuo kizima kilikuwa kinaniita Ngosha, kama ilivyo kawaida, Msukuma popote ni Ngosha. Siku moja akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia mwanamume. Akakaa kitako. Kwao Kibondei mwanamume ni mgosi; Coastal Union si ndio Wagosi wa Kaya? Ngosha, mgosi. Neno moja, limetembea kutoka ziwani mpaka baharini, au kutoka baharini mpaka ziwani, na kila mtu anadhani ni la kwao. Kuanzia siku hiyo nikamwita Mgosi.

Akanipeleka Ngamiani kwa mama mmoja anayeuza bada. Nililiogopa (chakula cha Tanga, mnakumbuka maelekezo). Nikaonja kwa ncha ya kidole. Kumbe ugali wa muhogo! Nyumbani tunakula ugali wa udaga tangu tumeota meno. Tofauti ni kwamba hapa umekuja na samaki wa nazi badala ya dagaa. Nililudi chumbani nimeshiba mpaka napumua kwa shida, sijasahau jina la mama yangu.

Halafu dini. Nilishaweka akilini kwamba Tanga wote ni Waislamu. Jumapili ya kwanza namwona anapiga pasi shati, anakwenda kanisani. Mwanglikana wa Magila, wamisheni walifika huko karne ya 19, babu wa babu yake alikuwa anaimba zaburi wakati wa kwetu hawajamwona padri. Mimi niliyejiona nimeleta Ukristo pwani.

Mama yake alikuwa na michungwa Muheza. Tulikwenda Jumamosi moja kwa Coaster. Nilikwenda na ile ya "watu wa pwani wavivu" kichwani. Saa kumi alfajiri mama yule alikuwa ameshaamka anafunga machungwa kwenye matenga awahi gari, na mimi mtoto wa wafugaji nimelala. Alinipokea vizuri, lakini usiku kabla ya kulala nilimsikia anakagua komeo la chumba cha mwanawe. Mara mbili. Sikumlaumu. Aliponiaga alisema, "Mwanangu, mimi nakushukuru kwa ubao. Lakini mimi ni mama, nivumilie."

Binti Lushoto

Hapo kwa mama nimetoa machozi ofisini. Kifundo vipi?

Ngosha wa Ngudu

Kipande cha nne, ndicho kigumu.

Kifundo nilishakisahau. Kweli. Miezi miwili na zaidi nimekilalia kama mtu anavyosahau saa mkononi.

Bweni likaingiwa na kunguni. Jumamosi ya usafi tukaagizwa magodoro yote nje juani. Mgosi hakai juani, kwa hiyo tuligawana: yeye anatoa magodoro mpaka mlangoni, mimi nayaanika. Nimerudi kuchukua la kwangu, nakuta godoro limeegemea ukuta, yeye kakaa ukingoni mwa kitanda chake, na kile kitu kiko sakafuni katikati yetu. Hajakigusa.

"Ndani mna nini?"

"Sijui."

"Umekilalia tangu siku ya kwanza hujui?"

"Ni kinga tu. Nilipewa nyumbani."

"Kinga ya nini?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. "Yenu. Watu wa Tanga."

Akanyamaza sana. Huko nje watu wanapiga magodoro kwa fimbo, pa, pa, pa. Kisha akasema, hakupaza sauti, "Ngosha. Wale waliokatwa, walikatwa ili vitengenezwe vitu kama hiki."

Wakuu, hapo ndipo nilipojua nimelalia nini. Sisemi kilikuwa na nini. Nasema sikuwahi kuuliza. Msomi wa biolojia, mpinga mauaji, mtu niliyekasirika kwa ndoo mkononi kwamba nimebaguliwa, sikuwahi hata siku moja kujiuliza mle ndani mna nini na kimetoka kwa nani.

Akatoa wembe kwenye tranka, akanipa. Nikakata uzi. Mlikuwa na vijiti viwili vya mizizi, unga mweusi kama masizi, kauri moja, na kipande kidogo cha kitu kigumu, rangi ya maziwa ya mgando, hakizidi nusu ya ukucha. Alikiinua akakisogeza jichoni, karibu kabisa, vile anavyosoma kitabu. Akakigeuza. Akakirudisha chini taratibu.

Nikasema tukichome. Akasema, "Hapana. Kama ni mtu, anazikwa."

Tukachimba kwa kijiko nyuma ya jiko la chuo, chini ya mnazi. Alisema sala ya mazishi ya Kianglikana, ile fupi, anaijua kwa moyo. Mwishoni akaongeza, bila kucheka, "Na kama ni kuku, Bwana utusamehe." Jioni ile ile akabeba godoro lake akaenda kulala chumba cha Wadigo wawili, sakafuni. Wiki tano. Ubao nikaendelea kumsomea, akaendelea kuandika. Nje ya darasa, hakuna.

Kidole Tupu

Mkuu, nafuta kauli ya kujisafisha. Endelea.

Mwana Ngamiani

Alirudije?

Ngosha wa Ngudu

Kwa redio. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 31, matokeo ya ubunge yakawa yanatoka kwa mafungu. Nimelala peke yangu, mlango unagongwa kama bweni linaungua. Mgosi, na redio ndogo ya betri sikioni. Salum Barwany kashinda Lindi Mjini kwa tiketi ya CUF, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wapiga kura kuingia bungeni. Kabla yake alikuwepo mama Al-Shaymaa Kwegyir, lakini yeye aliteuliwa na Rais Kikwete mwaka 2008. Huyu ni watu wamekaa foleni juani wakamchagua.

"Wamempigia kula!" anapiga kelele, "Ngosha, wamempigia kula!" Na sijui alikuwa ananitania au ulimi wake ulishaharibika kwa kukaa na mimi. Asubuhi godoro likarudi.

Sikusema samahani siku ile. Niliisema baadaye sana, vibaya, tukiwa Raskazone tunaangalia watu wanaogelea, yeye na kofia yake pana kama sinia. Akajibu, "Nilishakusikia kwenye kijiko," yaani siku ile tunachimba. Mtu wa pwani bwana, hata samahani anaipokea kwa fumbo.

Binti Lushoto

Na bibi? Ulimuuliza?

Ngosha wa Ngudu

Likizo ya Desemba. Hapa inabidi niseme jambo la bibi. Bibi yangu ana macho mekundu. Kwetu kuni hakuna, wanawake wamepikia samadi ya ng'ombe miaka yote, moshi ule unaharibu macho. Na mnajua Usukumani kikongwe mwenye macho mekundu anaitwaje na anafanywa nini. Tangu nikiwa mdogo bibi alikuwa anafunga mlango kabla jua halijazama, anaweka kinu nyuma ya mlango. Mwanamke anayeishi kwa hofu ya kuitwa mchawi ndiye aliyenitafutia kinga ya wachawi.

Nilimsimulia yote. Nikamuuliza ndani mlikuwa na nini. Akasema, "Mfumu hakusema. Nami sikuuliza." Maneno yangu yale yale.

Akakaa muda. Halafu: "Huyo mwenzako, mama yake yu hai?" Nikasema yu hai, ana machungwa. Hakusema zaidi. Siku ya kuondoka nikakuta kiroba cha michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kimefungwa kwa kamba ya katani, akasema hiki ni cha mama yake, mwambie aloweke kwanza. Nilikibeba kutoka Ngudu mpaka Muheza. Mama Mgosi alikipokea, akakifungua mbele yangu, akakichunguza sana kabla ya kuingiza mkono. Halafu akabandika sufuria.

Ile sehemu ya chini ya mnazi hatukuwahi kuipita bila mmoja wetu kutupia jicho. Kilikuwa nini, sijui mpaka leo.

Mkorofi wa Sinza

Naomba nirudishe vitumbua. Hii si chai. Jamaa yuko wapi sasa?

Ngosha wa Ngudu

Mwalimu wa Kiswahili, wilaya moja ya mkoa huo huo, ana mke na watoto wawili. Kila mara anaagiza yale mafuta ya kuzuia jua yanayotengenezwa Moshi, na wanafunzi wake wanajua kwamba ubaoni anaandika herufi kubwa kama mabango. Ruhusa ya kusimulia kanipa, kwa sharti la jina. Rasimu ya uzi huu nilimtumia kwanza. Kasahihisha l na r sehemu tisa. Ya kumi anasema kaiacha makusudi, muitafute.

Muha wa Pongwe

"Nililudi chumbani", kipande cha tatu. Mwambie mwalimu amepata mwanafunzi Pongwe.